Mguu Wangu Haukuwa na Funza

Nataka hili lieleweke kabla sijaandika lingine: mguu wangu haukuwa na funza. Haukuwa nao siku ile ya kwanza, wala wiki ile, wala mwezi ule wote watu waliposema unao. Nimeshalisema kwa mdomo mara nyingi na watu wakacheka. Sasa nalisema kwa kalamu, maana karatasi haiwezi kunikata kauli.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, tarishi wa shamba moja la mkonge upande wa Thika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji akiona herufi imekaa vibaya anisamehe, aendelee. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mfuko wa barua asubuhi kutoka ofisi yetu, kuupeleka Ruiru kwenye shamba la kahawa la matajiri wale wale wenye shamba letu, kungoja majibu, kisha kurudi. Nilipewa baisikeli nyeusi yenye keria nyuma, na namba ya shamba imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye madigadi. Vijana wenzangu waliionea wivu baisikeli ile. Mimi sikuitaka. Mimi nilitaka kukimbia.

Kila mwaka mashamba ya Thika na Ruiru yalikutana kwenye uwanja mmoja pale Ruiru kwa michezo. Kulikuwa na kuvuta kamba, kuruka, na mbio za kila namna, lakini mbio kubwa ilikuwa ya maili sita, na kila shamba lilipeleka mtu mmoja tu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshafikisha mfuko, nikasimama kwenye ua wa senyenge kutazama. Nikamwona mshindi akiingia uwanjani peke yake, mwembamba, bila viatu, mdomo ameufunga kama mtu anayewaza habari za nyumbani kwake. Wenzake wakambeba begani. Watu waliokuwa karibu nami walisema wanaoshinda pale huitwa waende Nairobi, wakapewa viatu na mtu wa kuwafundisha, na kutoka Nairobi wanapelekwa nchi za ng'ambo. Nchi gani, hakuna aliyejua. Mimi niliporudi Thika jioni ile nilikuwa nimeshafika huko na kurudi mara mbili.

Nikaanza kukimbia na mfuko wangu mgongoni, baisikeli nimeiacha nyumbani. Siku ya tatu nikakamatwa.

Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ilikuwa bado haijaondolewa. Mtu alitembea na pasi mfukoni, na alitembea polepole, mikono ionekane. Mimi nikaja mbio kwenye daraja la Ndarugu, na homgadi wawili, wale askari wa vijijini wa serikali, wakasimama katikati ya njia.

"Simama. Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, afande. Nakimbia tu."

"Hakuna kukimbia tu," akasema yule mwenye bunduki. "Mtu anakimbia kitu. Wewe unakimbia nini?"

"Nafanya mazoezi ya maili sita."

Akamgeukia mwenziwe. "Anasema anafanya mazoezi ya kutoroka. Maili sita."

Waliniketisha chini mpaka lori la shamba letu likapita na dereva akasema ananijua. Mfuko ulichelewa, nikakaripiwa ofisini. Tangu siku hiyo nikawa nakimbia huku nasukuma baisikeli, mkono mmoja kwenye hendeli, mfuko kwenye keria. Kwenda nakimbia, kurudi napanda. Nilipofika darajani mara ya kwanza namna hiyo, yule wa bunduki akaniuliza kama imeharibika.

"Hapana, afande, ni nzima."

"Sasa mbona huipandi?"

"Inachoka."

Wakacheka wakanipisha, na hawakunisimamisha tena. Niligundua kwamba mtu akikimbia mikono mitupu anatafutwa na serikali, lakini akikimbia na baisikeli anaonekana punguani, na punguani hana haja ya kukaguliwa pasi.

Wiki sita kabla ya michezo, karani wa ofisi yetu alitushindanisha. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa michezo hapo shambani. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate, na penseli sikioni hata siku ya Jumapili. Tulikuwa tisa. Nikawaacha wote. Wa pili alikuwa mkata mkonge mmoja, mrefu kama nguzo ya simu, tena alikuwa mbali nyuma. Karani akaandika jina langu kwenye karatasi mbele ya macho yangu. Nilimwomba nilione. Nililitazama mpaka akaninyang'anya.

Siku nne baadaye nikaumia.

Wakataji wa mkonge wana utaratibu wao. Jani likishakatwa shinani, ile ncha yake nyeusi yenye mwiba hukatwa pia kabla jani halijafungwa kwenye tita, ili lisimchome mtu wa mashine. Ncha huachwa pale pale kati ya mistari. Mkataji anajua asikanyage wapi. Mimi mtu wa barua nilipita katikati ya mistari iliyokatwa jana yake, kwa sababu malori ya mawe yalikuwa yananijaza vumbi kwenye njia ya shamba. Ncha moja ilikuwa imelala juu ya jiwe, mwiba umetazama juu. Ukaniingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, pale penye nyama nene, ambapo mkimbiaji anasukumia ardhi. Nikaketi, nikauchomoa, nikautupa. Kumbe nilichomoa nusu. Nusu ya mbele ilibaki ndani, na mimi nikaendelea mpaka Ruiru nikijisifu kwamba mkimbiaji wa kweli hasimami kwa mwiba.

Siku ya tatu mguu ukavimba, nikawa siwezi kuweka sehemu ya mbele chini. Nikatembea kwa kisigino, vidole nimeviinua juu. Na hapo ndipo shida yangu ya kweli ilipoanza, maana mtu yeyote wa huku akiona mwenziwe anatembea kwa kisigino na vidole vimesimama, hamuulizi ameumia nini. Ameshajua. Huyo ana funza. Na mwenye funza, basi kwao hawafagii, hawanyunyizi maji sakafuni, hawaogi miguu, na mama yake amekaa tu anapiga soga.

Nilipita karibu na bomba la maji la laini yetu, zile nyumba za wafanyakazi, nikichechemea na baisikeli yangu. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe.

"Tarishi, leo baisikeli ndiyo imekupanda?"

"Mwulize wamefika wapi. Wamekula mpaka kisigino?"

"Hapana, kisigino wamemwachia cha kutembelea."

Wakacheka. Halafu mmoja akasema, wala hakupunguza sauti, "Kwani kwao ufagio uliibiwa?"

Mama yangu alikuwa ndani ya foleni ile ile. Akajaza debe lake, akarudi nyumbani, akafagia sakafu aliyokuwa ameifagia alfajiri, akanyunyiza maji mara ya pili, akafagia tena. Mimi nilikaa mlangoni namtazama. Nikiwaza ufagio ule mpaka leo damu inanipanda. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kusafisha chumba kimoja cha udongo mpaka kinang'aa, halafu aje aambiwe maneno hayo bombani kwa ajili ya kipande cha mkonge.

"Baba," akaniambia. Mama yangu huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake mzazi. "Baba, nenda kwa yule shosho wa pini akutazame."

Sisi huku nyanya tunamwita shosho. Huyu hakuwa nyanya ya mtu yeyote tuliyemjua. Aliishi peke yake mwisho wa laini, na kazi yake ilikuwa kutoa watu funza kwa pini. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mwingine yeyote, hilo kila mtu alikiri. Lakini watu walikwenda kwake giza likiingia, na aliyeonekana mlangoni pake mchana alikuwa ameshajihukumu mwenyewe.

"Siendi," nikamwambia mama. "Sina funza. Nikionekana pale nimekwisha."

"Umekwisha namna gani?"

"Ruiru hawapeleki mtu wa funza."

Nikaenda kwa dresa wa shamba, yule wa kufunga vidonda. Dresa alikuwa na chumba chenye benchi na chupa nyingi, na katika chupa zote hizo alitumia moja. Nilipoingia hakuinuka.

"Funza," akasema.

"Sio funza, daktari. Ni mwiba wa mkonge." Nilimwita daktari ili anisikilize.

"Mwiba uko wapi?"

"Nafikiri uko ndani."

"Wewe unaona ndani?"

"Nasikia maumivu."

"Hata funza unaweza kuwasikia." Akachovya pamba kwenye dawa ya zambarau, akanipaka mguu mzima, mpaka juu ya kifundo, kama mtu anayepaka mlango rangi. Na ile dawa ya zambarau, msomaji, ndiyo hiyo hiyo anayowapaka watoto wote wa funza. Mtu akiuona mguu wa zambarau akiwa upande wa pili wa shamba anajua ni nini. Niliingia pale kwenda kujitetea, nikatoka nimepigwa muhuri.

Nikanunua raba nyeupe kwenye duka la Mhindi Thika mjini, nifunike ile rangi. Mguu uliovimba haupendi raba. Ndani ya siku chache ukawa unatoa harufu, na mimi nikawa nakaa mbali na watu, nikisema nina mafua. Nilifanya ujinga huo wiki nzima, na nyingine. Kurukaruka kwa kisigino mpaka ofisini, kupanda baisikeli, kusukuma pedali kwa mguu mmoja mpaka Ruiru, kurudi, kukaa. Nilikuwa na miguu iliyokwisha kufika ng'ambo, na sasa mmoja haukuweza kufika chooni.

Ndipo karani akaniita.

"Uliumia ukiwa kazini?"

"Ndiyo, bwana karani. Nilikuwa na mfuko."

"Ulikuwa umepanda baisikeli?"

"Nilikuwa naisukuma."

"Shamba lilikupa baisikeli ili mguu wako usiguse chini," akasema. "Mguu umegusa chini. Hiyo ni habari yako mwenyewe." Akatoa penseli sikioni. "Na nimesikia una funza."

"Sina funza, bwana karani. Ni mwiba."

"Dresa ameandika funza. Bwana meneja atakuwa Ruiru siku ile, na mameneja wa mashamba mengine. Nitamsimamisha mtu wa funza mbele yao na namba yetu kifuani?"

"Na nikipona?"

Akafikiri. Sijui kama alifikiri kweli au alijifanya tu. "Jumamosi iliyo kabla ya michezo, njoo shamba namba tatu. Ulizunguke mara moja bila kuchechemea. Ukichechemea hatua moja tu, anakwenda huyu."

Huyu alikuwa yule mkata mkonge mrefu, amesimama mlangoni, kofia ameishika mikononi. Tulipotoka pamoja akanishika bega. "Ndugu yangu, pona, tafadhali. Mimi sitaki maneno haya. Nikikimbia mbali natapika."

Nilikuwa na wiki mbili tu na siku chache. Jumapili, watu walipokuwa wanatoka kanisani, nikavua raba, nikaiegemea baisikeli, nikapita mbele yao wote na mguu wangu wa zambarau kwenda kwa shosho wa pini. Nilikwenda mchana kwa hasira. Nilijiambia nikingoja giza nitakuwa nakiri.

Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, pini tatu zimechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Shosho, mimi sina funza."

"Wote wanasema hivyo. Keti."

Akaniosha mguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, akausugua mpaka zambarau ikawa maji. Halafu akaanza kubonyeza kwa kidole gumba, akinitazama usoni wala si mguuni.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

Machozi yakatoka yenyewe.

"Huyu si funza," akasema. "Funza ana tumbo jeupe na doa jeusi katikati. Ni kama mtu amekaa mlangoni kwake. Hapa hakuna mtu. Hapa kuna kitu kimeingia."

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo."

"Ulimwambia nani?"

"Dresa. Na karani. Na wale wa bombani."

"Mimi hukuniambia."

Akaichoma pini kwenye kaa la moto, akaipuliza, akachimba. Sitaeleza yote. Usaha ulitoka, halafu damu, halafu akabana kwa vidole viwili na kikateleza nje kitu cheusi, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele, kimechongoka. Akakiweka kwenye kiganja changu. Nilikitazama nikashindwa kuamini kilivyo kidogo.

"Wiki tatu," nikasema. "Wiki tatu naitwa mtu wa funza kwa kitu hiki. Mama yangu anatukanwa kwa kitu hiki. Nakwenda nacho bombani sasa hivi, nitawaonyesha mmoja mmoja."

"Nenda," akasema, huku ananifunga kitambaa safi. "Waonyeshe. Mimi watoto wao wote nimewatoa funza. Yule anayecheka zaidi, kwake nimewatoa funza watoto wanne. Wanakuja jua likishatua. Asubuhi nikienda na debe langu wananiachia nafasi mbele na nyuma. Mtu mgeni akiona atasema wananiheshimu. Wanaogopa nikiwasalimu watu watajua tunajuana."

Alisema hayo bila ukali, kama anayeeleza bei ya unga. Na mimi kila asubuhi nilipita mbele ya kigoda kile na baisikeli yangu, na sikuwahi kumsalimu. Hata kengele sikuwahi kumpigia. Hasira yangu ilikuwa imeshapanga njia yake ya kwenda bombani, sasa ikasimama, ikanigeukia.

"Siku nne usiukanyage," akasema. "Halafu ukanyage kidogo. Mguu usiulazimishe, uulize kwanza."

Ule mwiba niliuweka ndani ya kiberiti kitupu. Ninao mpaka leo. Siku ya tano niliupeleka kwa dresa, nikaufungua mbele yake juu ya benchi.

"Hiyo?" akasema. "Shamba zima limejaa miiba kama hiyo. Toka nje hapo, kabla hujafika kwa karani utakuwa umejaza kiberiti."

Mnaona mambo hayo. Mwiba ulipokuwa ndani haukuwako kwa sababu hauonekani, na ulipotoka haukuwa wangu kwa sababu ni mingi.

Nikaanza kuujifunza mguu upya. Kwanza baisikeli ilikuwa fimbo yangu, naiegemea nikitembea. Halafu nikahesabu nguzo za simu za barabara ya Ruiru: nguzo moja hadi ya pili nakimbia polepole, mbili zinazofuata natembea. Kesho yake mbili kwa mbili. Kila nilipofikia nguzo nilitua mguu mzima, nikauuliza kama shosho alivyosema, na mara nyingine ulijibu vibaya nikapanda baisikeli bila ubishi. Nilitamani kulazimisha. Nilizitazama nguzo zile zinavyoondoka mbele yangu mpaka Ruiru, na mimi niko kati ya moja na nyingine kama mtoto anayejifunza dede. Pale darajani yule wa bunduki akaniuliza, "Siku hizi baisikeli haichoki?"

"Siku hizi nachoka mimi, afande."

"Pole," akasema. Na sikutarajia neno hilo litoke kwake kabla halijatoka ofisini kwetu.

Jumamosi ya majaribio nilikuwa naweza nguzo kumi bila kusimama. Karani alikuja na karatasi yake, na mkata mkonge akaja kuniombea. Shamba namba tatu ni kama maili moja na nusu ukilizunguka. Nikaondoka. Mguu ulianza kuuma katikati, nikatabasamu ili uso usinisaliti, na nikaendelea kutabasamu mpaka mashavu nayo yakauma. Pale kwenye kona ya kitalu cha miche ardhi imebonyea, nikaweka mguu, ukateleza kidogo. Mpaka leo sijui kama nilichechemea. Naandika kweli: sijui.

"Kwenye kona," karani akasema nilipofika. "Hatua moja."

"Bwana karani," mkata mkonge akasema, "pale kila mtu anachechemea. Kuna shimo la fuko. Hata wewe ukipita pale utachechemea."

"Mimi sikimbii."

Akaikunja karatasi. Nililia nyuma ya chumba cha mashine, mahali ambapo kelele ni nyingi. Lakini hata nikilia niliwaza kwamba alinipa nafasi, na mguu wangu ndio ulionikosesha. Nilimwamini karani. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote nitakayoandika hapa.

Siku ya michezo nilikwenda Ruiru na mfuko kama kawaida, maana barua hazina sikukuu. Kwenye meza chini ya hema alikuwako karani wa shamba la kahawa, mzee mcheshi, ndiye aliyekuwa akinitilia sahihi ya kupokea mfuko kila siku. Nikamwuliza, kwa kujaribu tu, kama jina linaweza kubadilishwa dakika ya mwisho.

"Kijana wangu, majina yalifika zamani. La kwenu ni la huyu mrefu." Akatoa barua kwenye faili, akanionyesha. "Uliileta wewe mwenyewe, Jumanne. Si ya wiki hii, ya wiki iliyopita. Mimi huandika siku juu ya kila barua."

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Jumanne, halafu Jumamosi. Siku ile nilipozunguka shamba namba tatu nikitabasamu, jina lilikuwa limeshalala Ruiru ndani ya faili siku nne. Na aliyelipeleka ni mimi. Nguzo moja nakimbia, mbili natembea, na barua ya kunifuta iko kwenye keria yangu, imefungwa vizuri.

Karani wetu alikuwa hema la pili, anawagawia mameneja soda. Nilianza kwenda kule. Sijui ningefanya nini, labda ningeharibu kazi yangu na ya mama yangu pale shambani. Lakini mkata mkonge akanishika mkono. Alikuwa na namba kifuani, midomo imemkauka.

"Ndugu yangu, watu wanaanza vipi? Mbio zote hizi nianze vipi?"

Nikamtazama. Hakuwa ameninyang'anya kitu. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Njia inakwenda barabara ya Thika maili tatu, kisha inarudi," nikamwambia. "Barabara ni ya serikali, na tarishi na baisikeli yake hakuna wa kumzuia. Nitakuwa kando yako."

Mlio wa kuanza mbio ulipotolewa, wakimbiaji wakatoka. Mimi nilikuwa nje ya lango na baisikeli yangu, nikaungana nao. Mkata mkonge alitoka mbio kama kawaida ya wakataji, ambao hupewa matita ya siku na hutaka kuyamaliza kabla jua halijawa kali. Alikuwa wa kwanza, anahema kama mashine.

"Punguza," nikamwambia. "Hapa hakuna matita."

"Watanipita."

"Waache wakupite. Wahesabu tu."

Wakampita kumi na mmoja. Kwenye maili ya pili nikamwonyesha nguzo. "Huyu wa fulana nyekundu, mfikie pale. Usimpite, mfikie." Halafu nguzo nyingine. Tulipogeuka maili ya tatu walikuwa wamebaki saba mbele. Tuliporudi na mlima mdogo wa karibu na Ruiru, wakabaki watano, kisha wanne, kisha tukawa na wawili tu mbele. Mguu wangu ulikuwa unauma, lakini kuuma kule kwa kufanya kazi, si kwa kuoza. Na kifuani mwangu pumzi ilikuwa imejaa. Niliwatazama wale wawili migongo yao, nikajua ningewaweza. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Baisikeli ikawa nzito mkononi, na nilitamani kuiachia iangukie mtaroni.

Langoni baisikeli hazikuruhusiwa. Nikasimama. Yeye akaingia peke yake, akamaliza wa tatu, akatapika, akapewa blanketi. Watu wa shamba letu wakapiga makofi.

Karani akaja mpaka langoni, amefurahi. "Umeona? Nilichagua vizuri."

"Bwana karani, barua ya jina niliileta Jumanne," nikamwambia. "Na wewe ulinikimbiza Jumamosi."

Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kazi ya tarishi ni kupeleka barua. Siku zake si kazi yake." Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Mwaka ujao tutaona."

"Mwaka ujao jina langu nitalileta mwenyewe, na bahasha itakuwa wazi."

Akarudi hemani kwa mameneja. Mkata mkonge alitaka tukate blanketi katikati, nikakataa, akanikasirikia. Ndiye aliyenikasirikia peke yake siku ile yote, na ndiye peke yake ambaye sikumwudhikia.

Jumatatu asubuhi nilipita bombani nikikimbia na baisikeli, natua mguu kwa mbele kama inavyotakiwa. Wanawake waliutazama. Shosho wa pini alikuwa kwenye foleni na debe lake, na nafasi tupu mbele na nyuma, kama siku zote. Nikasimama.

"Shosho, habari ya asubuhi," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini. "Ule mguu ulioutengeneza jana kutwa ulikimbia."

"Jana ilikuwa Jumapili," akasema.

"Basi juzi."

Nikachukua debe lake nikaliweka kwenye keria, nimsubirie zamu yake lijae, nimpelekee. Hakuna aliyecheka. Mama yangu alikuwa nyuma kabisa. Nikamwona analiinua debe lake tupu, anatoka mahali pake, anakuja mbele polepole, na anasimama ndani ya ile nafasi tupu, bega kwa bega na shosho, kisha anamwuliza kama ameamka salama.

Mfuko ulichelewa kutoka siku hiyo, na karani alinikaripia sana.